Mali ya Mkulima: Safari ya Bahati na Subukia

Msafiri atokaye Nakuru kwa barabara ya Nyahururu haendi mbali kabla ya kuona kwamba mji umebaki nyuma. Upande mmoja husimama mlima wa Menengai, ambao ndani yake mna shimo kubwa lililoachwa na moto wa ardhi zamani sana; nyuma yake, chini bondeni, hung'aa ziwa. Nakuru ilipandishwa cheo ikawa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na majengo yake yanazidi kupanda, lakini chakula cha jiji hilo bado hutoka huku vijijini: mahindi, viazi, maharage, kabichi na maziwa. Nimepita njia hii mara nyingi, kwa kazi na kwa matembezi, na kila nipitapo hujiuliza swali lile lile: mtu wa huku akisema, "Hii ni mali yangu," asema nini hasa?

Swali hilo laonekana jepesi, lakini nimeona likivunja jamaa zilizokaa pamoja kwa miaka hamsini. Basi katika makala hii namwalika msomaji tutembee pamoja kutoka Bahati hadi Subukia, tutazame jinsi watu wanavyoishi na jinsi walivyopata mali yao, kisha tuone ni kitu gani kinachoilinda mali hiyo, na ni kitu gani kinachoipoteza.

KIJIJI CHA MASHAMBA

Mtu aliyezoea vijiji vya pwani, ambako nyumba hukaa pamoja chini ya minazi na mashamba yakawa mbali kidogo, atastaajabu afikapo Maili Kumi na vijiji vya Bahati. Huku kila mtu hukaa shambani mwake. Kuna maduka machache kando ya barabara, kinu cha kusaga, kanisa, shule na mahali pa kupokelea maziwa. Lakini nyumba zenyewe zimetawanyika, kila moja katikati ya mahindi yake. Nyumba za zamani ni za mbao na mabati. Zile mpya ni za mawe, na huonyesha kwamba kuna mtoto anayefanya kazi mjini au ng'ambo.

Udongo ni mwepesi, wa majivu ya milima ya moto, na hustawisha karibu kila kitu mvua isipokosa. Mahindi hupandwa mvua ya masika ianzapo, mwezi wa Machi au Aprili, na maharage huingizwa katikati ya mistari. Mahindi ya nchi hii ya juu huchukua muda mrefu kukomaa, hata mavuno huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea mpaka Desemba. Mipakani husimama mistari ya migrevilea, miti inayotoa kuni, mbao na kivuli, tena humwambia mpita njia, bila kuulizwa, shamba la fulani laishia hapa. Nyuma ya nyumba pana zizi la ng'ombe wawili au watatu wa kisasa ambao hawatoki kwenda malishoni. Hukatiwa majani ya nepia na kuletewa. Alfajiri utawaona vijana wa pikipiki wakipita na madebe ya maziwa, na punda wakikokota mapipa ya maji.

Barabara ikisha kupita nchi ya juu ya Bahati huteremka kwa mapindo makali mpaka bonde la Subukia. Huko chini jua ni kali zaidi. Migomba huonekana, na mibuni pia, kwa kuwa kahawa ililimwa sehemu hizi tangu siku za walowezi. Mstari wa Ikweta hupita karibu. Watu wake ni mchanganyiko: Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya na wengine, kila jamaa ikiwa imefika kwa safari yake.

Ukikaa na watu hawa utajua upesi mali zinazoonekana. Ng'ombe huonekana, mabati huonekana, tangi la maji huonekana. Mali iliyo kubwa kuliko zote, yaani ardhi yenyewe, huonekana pia kwa macho, lakini umiliki wake hauonekani. Umo katika karatasi, na karatasi imo sandukuni. Ili kuelewa jambo hili ni lazima turudi nyuma kidogo.

JINSI ARDHI ILIVYOPATIKANA

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Wakati huo sehemu kubwa ya bonde hili ilikuwa malisho ya Wamasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 waliondolewa hapa, kundi moja likapelekwa Laikipia. Na kwa mkataba wa 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishwa kwenda kusini. Ardhi iliyoachwa wakapewa walowezi wa Kizungu. Lord Delamere peke yake alipata eka 100,000 huko Njoro mwaka 1903.

Walowezi walikuwa na ardhi bila wafanyakazi. Watu wengi kutoka nchi ya Wakikuyu na kwingineko wakaja kukaa katika mashamba hayo, wakapewa mahali pa kulima na kuchunga kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1918 ilitaka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hao ndio walioitwa maskwota. Wengine walipata mbuzi na ng'ombe wengi; ndipo katika miaka ya 1920 mifugo yao ilipoondolewa kwa nguvu, na watu wakakipa kitendo hicho jina la "kifagio", kwa kuwa kilifagia mali yote zizini. Nalitaja jambo hili kwa sababu wazee wa huku walijifunza kwalo somo ambalo hawakulisahau: mtu aweza kuwa tajiri wa ng'ombe leo na kesho asiwe na kitu, ikiwa ardhi anayosimama juu yake si yake.

Ilipokaribia Uhuru wa mwaka 1963 mambo yaligeuka. Serikali ilianza mwaka 1962 mpango wa kununua eka milioni moja za walowezi na kuzigawa. Mashamba mengine yaliuzwa kwa vyama vya ushirika na kwa makampuni ya wananchi yaliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Katika Nakuru lililojulikana sana ni Ngwataniro-Mutukanio, lililoongozwa na Kihika Kimani. Mtu asiyeweza kununua shamba peke yake alinunua hisa. Hisa za wengi zikakusanywa, shamba moja kubwa likanunuliwa, kisha likapimwa na kukatwa vipande. Siku ya kugawa, wanachama waliokota vijikaratasi vyenye namba, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa shamba. Mmoja alipata bondeni penye maji, mwingine akapata mwambani.

Fedha za hisa hazikuanguka kutoka mbinguni. Ziliuzwa mbuzi, likauzwa pareto, yakauzwa maziwa na makaa. Akina mama walikuwa na vikundi vyao vya kulima kwa ujira na kuweka akiba, na vingine vilinunua mashamba kwa jina lao wenyewe. Lakini mara nyingi fedha ilitoka katika mikono miwili, ya mume na ya mke, na cheti cha hisa kikaandikwa jina moja.

MALI BILA DAFTARI

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mwenye cheti cha hisa hakuwa bado na hati ya ardhi. Ilimpasa kampuni ilipe madeni, mpima ardhi amalize kazi, ramani zikubaliwe, ndipo hati itolewe. Katika miaka ya 1980 makampuni yaliamriwa na Serikali kugawa mashamba na kuwapa wanachama hati zao. Wengine walizipata. Wengine walikufa wakiwa na cheti tu, na wengine walipata hati, wakaifunga kwa nailoni, wakaitia sandukuni, wakafa bila kumwambia mtu neno.

Nitatoa mfano bila kutaja mtu, maana habari hii ni ya nyumba nyingi. Mzee alinunua hisa mwaka 1971, akapata eka 5. Alikuwa na wana watatu na mabinti wawili. Akafa. Wana wakagawana kwa kupanda miti tu, mbele ya wajomba, na hati ikabaki kwa jina la marehemu. Mmoja akauza nusu eka kwa mgeni kwa mapatano ya karatasi ya daftari, yaliyotiwa sahihi dukani. Mgeni akajenga nyumba ya mawe. Miaka ikapita, ndugu wawili wakafa, wajukuu wakawa watu wazima, na sasa yule mgeni adai hati. Nani atampa? Marehemu hawezi kutia sahihi. Sheria yasema kwamba asiyeteuliwa na mahakama kusimamia mali ya marehemu hana ruhusa ya kuiuza. Tena sheria ya mwaka 1967 juu ya ardhi ya kilimo yasema mapatano ya kuuza bila kibali cha Bodi ya Ardhi hayana nguvu, na fedha iliyolipwa hudaiwa kama deni lingine lolote. Basi mgeni ana nyumba asiyo na ardhi yake, wajukuu wana ardhi wasiyoweza kuitumia kukopa wala kuuza, na watu waliokuwa wakiazimana chumvi hukutana mahakamani.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Walisema pia, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kikapu ukavune." Nimeona kwamba mithali hizi mbili zakutana katika jambo hili moja. Nyumba isiyo na daftari huanza kugombana, na ugomvi ukisha kuingia wengi hutumia daftari lenyewe kama silaha.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba karatasi peke yake yatosha. Mwaka 1992 watu wa Molo, na mwanzoni mwa mwaka 2008 watu wa sehemu nyingi za Nakuru, walikimbia mashamba yao katika ghasia hali hati zao zi mikononi. Hati humwambia jirani kwamba shamba hili ni la fulani. Jirani asipokubali, hati haina sauti. Hata ule mstari wa migrevilea ni ushahidi kwa sababu tu watu wa pande zote mbili wameukubali.

HABARI YA JAVA

Wako watu wa mbali ambao wametangulia mbele yetu katika njia hii, nao ni wakulima wa kisiwa cha Java katika nchi ya Indonesia. Kisiwa hicho hakifiki robo ya Kenya kwa ukubwa, lakini hesabu ya mwaka 2020 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 150, na Kenya nzima mwaka 2019 ilikuwa na watu milioni 47 na nusu hivi. Udongo wao ni wa milima ya moto kama wetu. Katika vijiji vya karibu na pwani nyumba hukaa pamoja kivulini mwa minazi na miti ya matunda, na kuzizunguka pana mashamba ya mpunga yenye maji. Yaliyo karibu zaidi na bahari hufanywa mabwawa ya samaki.

Zamani, mpunga ulipoiva, wanawake walikuja kwa wingi, kila mmoja na kisu kidogo kilichofichika kiganjani, wakakata suke moja moja, na ujira wao ulikuwa sehemu ya mpunga walioukata. Hivyo hata asiye na shamba alipata chakula kijijini. Katika miaka ya 1970 wenye mashamba wengi walianza kuuza mavuno yakiwa bado shambani kwa wafanyabiashara, ambao walileta watu wachache wenye mundu. Na wanawake wengi maskini wakakosa sehemu yao.

Lakini jambo ninalotaka msomaji alishike ni hili. Kizazi baada ya kizazi mashamba ya Java yaligawiwa watoto. Mwaka 1960 serikali ya Indonesia ilitunga sheria yenye shabaha kwamba kila jamaa ya wakulima iwe na angalau hekta 2, yaani eka 5 hivi, sawa na za yule mzee wa mfano wetu. Shabaha ilikuwa njema, lakini ardhi haiongezeki. Wakulima wengi wa Java leo wana chini ya nusu hekta. Nao pia walikuwa na daftari lao: kitabu cha ofisi ya kijiji kilichoandika kila kipande na mlipa kodi wake. Watu walikitegemea kama hati, kumbe hakikuwa hati, kama vile cheti chetu cha hisa kisivyokuwa hati. Tangu mwaka 2017 serikali yao imefanya mpango mkubwa wa kupima na kuandikisha vijiji vizima kwa mara moja.

Sisi tutafanya hesabu yetu wenyewe. Eka 5 kwa watoto 5 ni eka moja kwa kila mmoja. Eka moja iliyotiwa mbolea, mwaka mwema, yaweza kutoa magunia 15 hadi 20 ya mahindi, na jamaa itakula na kuuza kidogo. Kila mmoja wao akiwa na watoto 4, mjukuu atapata robo eka. Hiyo ni viwanja viwili vya futi 50 kwa 100, na kipande kidogo juu yake. Robo eka ni mahali pa nyumba, kuku na sukuma wiki. Haiwezi kumlisha ng'ombe mmoja. Basi kizazi cha tatu hakitaishi kwa jembe, hata kikigawiwa kwa haki.

BINTI NA URITHI

Nilimwuliza mzee mmoja wa Subukia kama amewaandika mabinti zake. Akasema, "Mwanangu, nikimpa binti robo eka, si nimewapa wakwe zangu shamba la baba yangu? Binti ana shamba kwa mumewe." Neno lake si la upumbavu, ndiyo desturi iliyomlea, na anaogopa vipande vizidi kuwa vidogo. Mkewe alikuwa ameketi kando akipepeta maharage. Akasema bila kuinua macho, "Mzee, na ile hisa, nani aliilipa? Si maziwa niliyokuwa nikiyapeleka mimi asubuhi kwa asubuhi? Nami pia ni binti wa mtu." Mzee akacheka, lakini hakujibu.

Sheria yenyewe imekwisha jibu. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 haitofautishi mwana na binti, aliyeolewa na asiyeolewa. Wote ni watoto wa marehemu. Mjane ana haki ya kukaa na kutumia mali hiyo maishani mwake. Katiba ya mwaka 2010 ikakataza ubaguzi wa mwanamke katika mambo ya ardhi. Mwenye kuwaficha mabinti wakati wa kuandikisha urithi hajaondoa haki yao. Amepanda kesi ambayo wajukuu wataivuna.

Njia ya kuandikisha si ya siri. Chifu huandika barua yenye majina ya warithi wote. Hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Tangazo hutiwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Baada ya miezi 6 mahakama huthibitisha ugawaji. Hapo tu ndipo hati ya marehemu iwezapo kubadilishwa. Ni kazi ya gharama na subira. Lakini kuna njia nyepesi kuliko hiyo, nayo ni mwenye mali kugawa akiwa hai, au kuandika wosia mbele ya mashahidi wawili, akiwa na akili zake timamu na watoto wote wakisikia.

Nimeona nyumba moja huko Bahati iliyofanya hivyo. Mzee na mkewe waliwaita watoto sita. Wakakubaliana kwamba shamba la eka 4 lisikatwe vipande sita, bali wawili waliopenda kilimo walichukue, wengine wanne walipwe kidogo kidogo kutokana na maziwa, na kila mtoto, hata binti aliye mbali, aachiwe haki ya kuja kuzikwa na kuja kupumzika. Wakaandika, wakaenda kwenye Bodi ya Ardhi, hati mpya zikatoka. Hakuna aliyepata yote aliyoyataka. Lakini nilipofika, ndugu hao walikuwa wakikata nepia pamoja, na mzee ameketi kivulini akinywa chai, hana hofu ya kufa.

Mwezi wa Desemba watu wa Nakuru hurudi nyumbani kutoka Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Mbuzi huchinjwa, na picha hupigwa. Ndugu msomaji, ikiwa baba au mama yu hai, siku hiyo kabla nyama haijaiva, mwombeni kwa heshima afungue lile sanduku. Someni jina lililo juu ya hati, kila mtu akisikia. Kama ni jina la aliye hai, zungumzeni naye. Kama ni jina la marehemu, chagueni wawili wa kwenda kwa chifu Jumatatu. Kisha kaeni mle.